Mita 1.70 za Waya: Antena ya Kusikilizia Megahezi 42

Skana mpya ya redio ukiinunua hapa Marekani huja na kiantena cha mpira ambacho hakizidi urefu wa kiganja. Kwa idara za mjini zinazotumia megahezi 150 kwenda juu, kinatosha. Ukishuka kati ya megahezi 30 na 50, hakina msaada. Wimbi la megahezi 42 lina urefu wa mita 7 na ushei, na kijiti cha sentimita 15 hakiwezi kulinasa ipasavyo. Ndiyo maana watu wengi wakipita huko wanasikia mvumo mtupu, wakahitimisha kwamba masafa haya yamekufa.

Hayajafa. Mimi naishi Sacramento, na askari wa barabara kuu za jimbo (California Highway Patrol) wametumia masafa haya, kuanzia megahezi 39 hadi 46 hivi, kwa miaka mingi. Sababu ni milima. Mawimbi marefu namna hii hupinda kwenye migongo ya vilima na kupenya misitu kuliko mawimbi mafupi, na jimbo lenye safu ya Sierra Nevada linahitaji kitu cha aina hiyo. Jambo lenyewe ni la zamani: mwaka 1940 polisi wa jimbo la Connecticut walianza kutumia redio za FM jimbo zima, mfumo uliobuniwa na Daniel Noble, na ulikuwa kwenye masafa haya haya ya chini. Mengi yanayosikika huku bado ni FM ya kawaida, kwa hiyo hata skana kuukuu ya mitumba itakufaa. Kinachokosekana ni antena, na antena utaitengeneza mwenyewe jioni moja.

Hesabu ni moja tu. Gawanya 71.5 kwa megahezi unazozitaka; jibu ni urefu wa kila mkono kwa mita. Kwa megahezi 42 unapata mita 1.70. Kata vipande viwili vya waya wa shaba wa kawaida, ule wa kufungia umeme nyumbani. Kimoja kitaelekea juu, kingine chini, na kebo itaingia katikati. Usihangaike na milimita. Hapa tunapokea tu, haturushi, na antena iliyokatwa kwa 42 itapokea vizuri 39 na 46 pia.

Kebo ninayoipendekeza ni ya TV, RG-6. Wapo watakaokwambia skana inataka kebo ya omu 50. Waache. Antena ya mikono miwili ina takriban omu 73 katikati, na RG-6 ni omu 75, kwa hiyo vinaelewana. Isitoshe, kebo hii ni rahisi kwa bei, na kwa mita 20 inapoteza kidogo sana kwenye masafa haya. Upande wa skana utahitaji adapta ya kutoka skrubu ya TV kwenda BNC.

Ila RG-6 ina tabia moja ya kuijua mapema: wavu wake wa nje kwa kawaida ni alumini, na alumini haishiki risasi ya kulehemu. Utachoma, utapuliza, risasi itateleza na kuanguka chini. Tumia skrubu. Mimi huchukua kipande cha bomba la plastiki, natoboa matundu mawili yaliyoachana sentimita 3, napitisha bolti ndogo za chuma kisichopata kutu. Waya wa ndani wa kebo naukaza kwenye bolti moja pamoja na mkono wa juu. Wavu nausokota uwe kama kamba, naukaza kwenye bolti ya pili kati ya washa mbili, pamoja na mkono wa chini. Halafu naziba kila kitu kwa silikoni na tepu, hasa mdomo wa kebo. Maji yakiingia humo hutembea ndani ya wavu kama mafuta kwenye utambi, na kebo inaharibika bila dalili yoyote kwa nje.

Bomba lenyewe lisimame wima. Hili halina mjadala, kwa sababu antena za magari ya askari zimesimama wima. Ukilaza ya kwako utapoteza sehemu kubwa ya mawimbi. Kebo nayo itoke pembeni, si kushuka sambamba na mkono wa chini, na iende hivyo walau mita moja na nusu kabla ya kuteremka. Karibu na bolti, izungushe mara tano au sita kwenye bomba la inchi 4. Mizunguko hiyo huzuia wavu wa kebo usigeuke kuwa sehemu ya antena na kukusanya makelele ya nyumba.

Na makelele ndiyo adui mkubwa huku chini, kuliko umbali. Taa za LED za bei ya chini, chaja za simu, vifaa vya sola: vyote vinamwaga takataka kwenye megahezi 30 hadi 50. Washa skana kwa betri, zima umeme wa nyumba kwenye swichi kuu, sikiliza. Kisha rudisha sakiti moja moja mpaka mvumo urudi, na hapo mhalifu umeshampata. Kwa sababu hiyo hiyo sishauri kununua kikuza mawimbi. Kitayakuza na makelele pia. Ni bora kuisogeza antena mita tano mbali na nyumba.

Usiisimamishe mahali ambapo ikianguka itagusa waya za umeme, na radi zikianza, chomoa kebo. Soma pia sheria ya mahali ulipo: hata hapa Marekani baadhi ya majimbo yana masharti ya skana ndani ya gari.

Antena ikishakaa sawa, kituo kilichoko juu ya mlima utakipata mara moja, lakini hicho si kipimo. Kipimo ni gari. Wakati wa theluji, barabara ya I-80 inapopanda Donner Pass, sikiliza kama unamsikia askari mwenyewe akiripoti lori lililoteleza. Kuanzia Mei hadi Agosti acha skana ikizunguka masafa yote mchana, kwani tabaka la juu la anga linaweza kurudisha mawimbi kutoka zaidi ya kilomita 1,000, na ghafla unasikia zimamoto wa jimbo jingine kabisa.

Wengi wa hao zimamoto wako kwenye megahezi 33. Kwa ajili yao huhitaji antena ya pili: ongeza mikono miwili ya mita 2.17 kwenye bolti zile zile, ncha zake uziachanishe na zile za kwanza kwa sentimita 20 au zaidi, na kebo ni ile ile moja.