Pampu ya Mkono au ya Umeme? Somo kwa Mama Anayerudi Kazini

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama aliyejifungua likizo ya miezi 3 yenye malipo kamili. Wizara ya Afya na Shirika la Afya Duniani zinashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza, bila maji, uji wala maziwa mengine. Kati ya hesabu hizi mbili kuna pengo la miezi 3. Katika pengo hilo ndipo mama wengi wa Buxton, Tudor, Tononoka na Mji wa Kale huanza kutafuta pampu ya kukamua maziwa, ili mtoto aliyebaki na nyanya au yaya aendelee kupata chakula chake.

Madukani zipo za aina nyingi, na bei zinatofautiana sana. Ile ya bei ghali si lazima iwe ndiyo inayomfaa kila mama, na ya bei nafuu inaweza kumtosha mmoja na kumkwamisha mwingine. Somo hili linaeleza jinsi ya kuchagua.

Kwanza, mikono

Kabla ya kununua chochote, kila mama afundishwe kukamua kwa mkono. Katika siku za kwanza baada ya kujifungua, mama hutoa dang'a, yale maziwa mazito ya manjano yanayotoka kidogo kidogo. Dang'a hukamuliwa vyema kwa mkono, kwa sababu katika pampu matone hayo hubaki yameganda kwenye mirija na pembe za chombo. Njia hii haina gharama, haihitaji stima, na humwokoa mama siku ambayo pampu imeharibika au imesahaulika nyumbani. Wauguzi wa wodi ya wazazi na wa kliniki ya mama na mtoto huifundisha. Mama aombe kuonyeshwa.

Pampu ya mkono

Hii huendeshwa kwa kubonyeza mpini. Ni ndogo, haina kelele, na ina vipande vichache vya kuosha. Mama ndiye anayeamua kasi na nguvu ya kuvuta. Ubaya wake ni kwamba hukamua titi moja kwa wakati, na mkono huchoka ikiwa mama anakamua mara nyingi kwa siku.

Mama asiichanganye na ile pampu ya zamani yenye puto la mpira, mfano wa honi ya baiskeli. Maziwa huweza kuingia ndani ya puto, na ndani humo hapaoshiki vizuri. Hiyo isitumiwe kwa maziwa atakayopewa mtoto.

Pampu ya umeme

Hii huvuta kwa mota. Nyingine ni za titi moja, nyingine hukamua matiti yote mawili kwa pamoja. Faida kubwa ya pampu ya umeme ni muda, na faida hiyo hupatikana hasa kwa ile ya matiti mawili. Mama anayelipa pesa zaidi kwa pampu ya umeme ya titi moja ajue kwamba anaupumzisha mkono, lakini huenda asiokoe dakika nyingi.

Pampu hii inahitaji soketi au betri iliyochajiwa. Stima ikipotea na betri ikiwa tupu, haina kazi. Pia ina mirija, vali na utando ambavyo huchakaa na kupunguza nguvu ya kuvuta. Kabla ya kulipa, mama aulize kama vipuri vyake vinapatikana hapa Mombasa.

Je, ya umeme hutoa maziwa mengi zaidi? Si lazima. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2016 hayakupata aina moja ya pampu inayoshinda nyingine kwa mama wote. Yalionyesha kwamba mambo yasiyo na gharama, kama kukanda matiti, kuyapasha joto, kutulia na kuanza kukamua mapema, huweza kuongeza maziwa.

Hesabu ya muda

Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 72, inampa mama anayenyonyesha muda wa kunyonyesha au kukamua usiozidi jumla ya saa 1 kwa kila saa 8 za kazi, mbali na muda wa kula. Kifungu cha 71 kinamtaka mwajiri atenge mahali pa kukamua, pasipo chooni, penye meza, viti, mahali pa kunawa mikono, friji au chombo cha kupozea, na soketi ya pampu.

Sasa tuchukue mfano. Pampu ya mkono huchukua takriban dakika 10 hadi 15 kwa kila titi, yaani kama nusu saa kwa mzunguko mmoja. Mizunguko miwili inamaliza ile saa 1. Pampu ya umeme ya matiti mawili huchukua takriban dakika 15 hadi 20; mizunguko miwili ni dakika 30 hadi 40, na zinabaki dakika za kuosha na kuhifadhi.

Mama anayetoka Buxton kwenda kazini Changamwe au Likoni, akiongeza muda wa matatu, feri na foleni, anaweza kuwa mbali na mtoto kwa saa 10. Huyo huenda akahitaji kukamua mara 3. Kwa pampu ya mkono muda wa sheria hautamtosha. Ya matiti mawili itamfaa zaidi. Mama mwenye kibanda karibu na nyumbani, anayekosa mnyonyo mmoja au miwili tu, anatoshelezwa na pampu ya mkono au mikono yake.

Hali ya tatu ni mama ambaye mtoto wake amezaliwa kabla ya wakati na amelazwa. Huyo anahitaji kukamua angalau mara 8 kwa saa 24, usiku ukiwemo, ili maziwa yasikauke. Asikimbilie dukani. Aulize kwanza wauguzi wa wodi ya watoto wachanga ni njia gani itamfaa na kama kuna pampu ya hospitali anayoweza kutumia.

Maji na joto la Mombasa

Kila kipande kilichogusa maziwa huoshwa kwa maji safi na sabuni baada ya kutumika, kisha huchemshwa kwa dakika 5 angalau mara moja kwa siku na kuachwa kikauke chenyewe. Nyumba inayonunua maji kwa mitungi ihesabu jambo hili pia: vipande vingi ni maji mengi. Maji ya kisima yasitumiwe kusuuza mara ya mwisho kabla ya kuchemshwa.

Maziwa yaliyokamuliwa hukaa hadi saa 4 katika joto lisilozidi nyuzi 25. Mchana wa kisiwani mara nyingi hupita hapo, kwa hivyo yasiachwe mezani. Yaingie mara moja kwenye friji, ambako hukaa hadi siku 4, au kwenye sanduku lenye vipande vya barafu iliyoganda, hadi saa 24. Yapashwe joto kwa kuweka chombo ndani ya maji ya vuguvugu, si juu ya moto. Mtoto apewe kwa kikombe kidogo kisafi, ambacho huosheka kwa urahisi kuliko chupa.

Kabla ya kununua

Pampu ya kibinafsi haiazimwi. Ya mtumba inaweza kuwa na ukungu au maziwa yaliyoingia ndani ya mota, mahali pasipofikiwa na sabuni.

Mdomo wa pampu, unaokaa juu ya chuchu, una ukubwa tofauti unaopimwa kwa milimita. Chuchu isonge bila kusuguliwa. Maumivu si dalili kwamba pampu inafanya kazi. Ni dalili kwamba ukubwa au nguvu ya kuvuta si sahihi.

Titi likiwa gumu, jekundu na lenye maumivu, au mama akipata homa, asingoje. Aende kituo cha afya kilicho karibu, na aendelee kutoa maziwa wakati anatafuta matibabu.

Anayebaki na shaka azungumze na mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wake wiki chache kabla likizo haijaisha. Pampu ijaribiwe nyumbani kwanza, mtoto azoeshwe kikombe, na mwajiri aarifiwe mapema, ili siku ya kwanza kazini isiwe ndiyo siku ya kwanza ya kujifunza.