Sumaku ndogo, nguvu nyingi

Swali: Msomaji wa Tawa, kaunti ya Makueni, ameng'oa sumaku mbili zinazong'aa kwenye diski ya kompyuta iliyokufa. Anauliza zitamfaa nini nyumbani.

Jibu: Mengi. Hizo ni za neodimiamu, chuma na boroni, aina iliyobuniwa Japani na Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Moja ikifungwa kamba huokota sindano ya cherehani iliyodondoka, au msumari uliozama tangini. Fundi wa baiskeli akiiweka chini ya kisahani cha bati, gololi hazitawanyiki. Ikipitishwa juu ya mchanga mkavu wa mto, mara nyingi huota ndevu nyeusi za chembe za chuma. Watoto hufurahi mno.

Zisikae karibu na jiko: nyingi hupoteza nguvu zikipita nyuzi 80 za Selsiasi. Wala zisikatwe, hupasuka, na vumbi lake hushika moto.

Hatari kubwa ni tumboni. Mtoto akimeza mbili, huvutana na kutoboa utumbo. Akimbizwe hospitali hata kama halii. Naye mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asizitie kwenye mfuko wa shati.