Programu ya bure, bei yake ni ipi?

Ndugu zangu katika imani, ukimuuliza kijana kwa nini amepakua programu fulani kwenye simu yake, majibu huwa matatu: ana haja nayo, wenzake wanayo, na ni ya bure. Haja tunaielewa. Aliye safarini anataka kujua kibla na nyakati za swala. Akiona mamilioni wameitangulia, moyo hutulia. Ama hilo la bure, ndilo nataka tulitazame.

Novemba 2020, chombo cha habari cha Motherboard cha Marekani kiliripoti kuwa Muslim Pro, programu ya nyakati za swala, kibla na Qur'ani iliyokuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 98, ilikuwa ikipeleka taarifa za mahali walipo watumiaji wake kwa kampuni ya X-Mode. Miongoni mwa wateja wa X-Mode walikuwamo wakandarasi wa jeshi la Marekani. Wenye Muslim Pro walikanusha kuliuzia jeshi, wakatangaza kukata uhusiano na X-Mode. Januari 2024, Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kuizuia X-Mode na mrithi wake, Outlogic, kuuza taarifa za mahali nyeti, zikiwemo nyumba za ibada.

Tunajifunza nini? Katika fiqhi ya biashara, bei isiyojulikana huingiza gharar katika mauziano. Muislamu hakubali kununua hata kilo ya sukari bila kuambiwa bei. Vipi basi akubali kulipa kwa nyendo zake, msikiti anaoswali na nyumba anayolala, bila kujua nani anapokea?

Sisemi kupakua ni haramu. Nasema tuulize bei. Kibla kinahitaji kujua ulipo, hilo ni sawa. Basi ruhusu wakati unapoitumia tu. Nyakati za swala mara nyingi zapatikana kwa kuandika jina la mji. Lakini programu ya kibla ikitaka majina ya jamaa zako wote na kipaza sauti, ina haja gani navyo? Ikatalie, au ifute.

Allah (SW) ametukataza katika Surat al-Israa, aya ya 36, kufuata tusiyo na ujuzi nayo. Wingi wa waliopakua si ujuzi.

Wallahu a'lam.