Taa na Pishi
Katika Mathayo 5:15 Bwana Wetu anakataza kuifunika taa kwa pishi. Na pishi ni kipimo cha nafaka! Basi huko Bujonde, wilayani Kyela, penye mpunga unaosifiwa nchi nzima, Mkristo anunuaye kwa lumbesa, gunia lililojazwa kupita mdomo wake, ameifunika taa yake kwa kipimo chenyewe, hata akisali rozari kila jioni. Mkulima aliyelazimika kuuza mpunga ungali shambani, kwa kuwa mtoto anaumwa, hasikilizi mahubiri ya mnunuzi, hutazama debe. Bali akikopeshwa mpaka mavuno, na bei ikabaki ya sokoni, atauliza mwenyewe: mtu huyu amefundishwa na nani? Hapo ajibiwe, watoto wakisikia.