Bima ya Mafuriko na Ardhi ya Delta

Maji yanayofika Maparoni hutoka pande tatu. Ya kwanza ni ya Mto Rufiji, unaokusanya mvua ya eneo la kilomita za mraba zipatazo 177,000, yaani karibu moja ya tano ya Tanzania Bara. Ya pili ni ya bahari, ambayo wakati wa bamvua hupanda kwa zaidi ya mita 3 na kuingia katika kila mkondo wa delta. Ya tatu ni ya mvua inyeshayo papo hapo. Kila moja likija peke yake ni jambo la kawaida kwa wenyeji. Yanapokutana yote, hasa mwezi wa Aprili, mto ukiwa umejaa na bahari ikiwa katika bamvua, maji ya mto hukosa pa kutokea, hurudi nyuma na kutanda juu ya mashamba na makazi.

Kata ya Maparoni imo katika Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani, ndani ya msitu mkubwa wa mikoko wa delta ya Rufiji. Wakazi wake hulima mpunga, huvua samaki na kamba, na husafiri kwa vyombo vya majini. Je, mwananchi wa mahali kama hapo, akipoteza nyumba au shamba kwa mafuriko, anaweza kuwa na haki ya kulipwa hasara yake? Na kama haki hiyo ingekuwapo, kijiji chake kingetakiwa kutimiza masharti gani?

Mkataba wa mwaka 1968

Nchini Marekani makampuni ya bima yalikuwa yameacha kwa muda mrefu kuuza bima ya mafuriko. Sababu yake ni rahisi kueleweka. Bima huishi kwa kutawanya hasara: nyumba moja huungua, mia hubaki salama, na zile mia huilipia ile moja. Lakini bima ya mafuriko hununuliwa na wale tu wakaao karibu na maji, na maji yakija huwapata wote siku moja.

Kwa hiyo mwaka 1968 Bunge la nchi hiyo lilitunga sheria ya bima ya mafuriko ya taifa, na serikali ikabeba mzigo ambao makampuni yaliukimbia. Jambo la kuzingatiwa katika sheria hiyo ni kwamba haki ya kununua bima haikuanzia kwa mtu mmoja mmoja. Ilianzia kwa jumuiya, yaani mji au wilaya yenye mamlaka ya kisheria juu ya matumizi ya ardhi yake. Serikali huichorea jumuiya ramani ya maeneo ya hatari. Jumuiya nayo hupitisha kanuni za ujenzi katika maeneo hayo na kuzisimamia. Sakafu ya chini ya nyumba mpya ya kuishi haitakiwi kuwa chini ya usawa wa mafuriko uliowekwa, na njia kuu ya maji haitakiwi kuzibwa. Jumuiya ikipuuza kanuni zake husimamishwa, na hapo wakazi wote hukosa bima, hata yule aliyejenga sawasawa. Mwaka 1973 sharti jingine liliongezwa: mwenye nyumba katika eneo la hatari hapewi mkopo wa nyumba na benki zinazosimamiwa na serikali kuu pasipo kukata bima hiyo.

Mpango huo haukukosa kasoro. Nyumba nyingi za zamani zilitozwa ada ndogo kuliko hatari yake, na nyingine zilifurika, zikalipwa, zikajengwa pale pale, zikafurika tena. Baada ya tufani kubwa kadhaa mfuko ulizama katika madeni. Mwaka 2017 Bunge lililazimika kuufutia dola bilioni 16.

Usawa wa mafuriko unaotumiwa katika ramani hizo ni ule wenye uwezekano wa moja katika mia wa kufikiwa au kupitwa kila mwaka. Watu wengi huuita mafuriko ya miaka mia, na jina hilo limepotosha wengi, kwani hudhani kwamba yakishapita leo hayatarudi mpaka wajukuu wazeeke. Maji hayahesabu miaka. Kila masika huanza upya na uwezekano ule ule. Tuseme nyumba imejengwa katika usawa huo nayo itadumu miaka 30. Uwezekano wa kupona mwaka mmoja ni 99 katika 100. Wa kupona miaka yote 30 hupatikana kwa kuzidisha 0.99 kwa yenyewe mara 30, nao ni kama 0.74. Maana yake ni kwamba katika nyumba 100 za namna hiyo, zilizo katika mabonde mbalimbali, zipatazo 26 zitaingiwa na maji kabla ya muda wake kwisha. Kwa mafuriko madogo zaidi, yenye uwezekano wa moja katika kumi kila mwaka, hesabu hiyo hiyo inaonyesha kuwa katika miaka 10 tu uwezekano wa kuyapata angalau mara moja ni 65 katika 100.

Jibu la Rufiji

Mwaka huo huo wa 1968 Mto Rufiji ulifurika vibaya. Jibu la Serikali ya Tanzania lilikuwa tofauti kabisa. Katika kazi iliyojulikana kama Operesheni Rufiji, wananchi wa bonde la chini walihamishwa kutoka kando ya mto na kupelekwa katika vijiji vya nyanda za juu, kama Mkongo na Ikwiriri, ambako maji hayafiki na ambako ilikuwa rahisi kuwapatia shule, zahanati na barabara. Kwa upande wa usalama wa maisha hoja hiyo ilikuwa na nguvu. Lakini mashamba hayakuhama. Udongo wenye rutuba ulibaki bondeni, mkulima akabaki juu, na katikati yao wakaingia ngedere na nguruwe mwitu. Kabla ya hapo mkulima alilinda mazao yake akiwa katika dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu shambani, ambamo aliweza kukaa hata maji yakipita chini yake. Haikuchukua muda watu wengi wakarudi madunguni wakati wa msimu.

Inastahili kusemwa kwamba dungu na kanuni ya Marekani ya kuinua sakafu ni wazo moja. Tofauti ni kwamba urefu wa nguzo za dungu ulitokana na kumbukumbu za wazee, na ule wa kanuni hutokana na vipimo.

Sheria zinasema nini

Tanzania haina bima ya serikali ya mafuriko ya namna hiyo. Kilichopo ni Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 2015. Sheria hiyo imeweka kamati za maafa kuanzia ngazi ya taifa hadi kijiji, pamoja na mfuko wa maafa. Hata hivyo msaada wa maafa si fidia. Aliyefurikiwa hupewa chakula, hema au mbegu kwa kadiri ya kilichopatikana; haulizwi alipoteza kiasi gani ili alipwe kiasi hicho.

Sheria za ardhi nazo zinagusa delta kwa namna ambayo si wengi wameitafakari. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inaruhusu Waziri kutangaza ardhi kuwa ya hatari, na miongoni mwa aina zilizotajwa ni mabwawa ya mikoko, maeneo oevu, na ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au pwani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huo ina kifungu kinachofanana na hicho. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 hizo hizo. Chukua sasa ramani ya delta, upime mita 60 kila upande wa kila mkondo, kisha uondoe mikoko na maeneo oevu. Kitakachobaki ni kidogo sana. Kanuni iliyotungwa kwa mto wenye kingo mbili, ikipelekwa mahali ambapo mto umegawanyika na kuwa mikono mingi, huweza kumfanya kila mkazi kuwa mvunja sheria, na ni vigumu kuona ni bima gani ingeweza kulinda nyumba ambayo haikutakiwa kuwapo.

Upande mwingine kijiji cha Tanzania kina sifa ambayo mpango wa Marekani uliitafuta kwa jumuiya zake. Halmashauri ya kijiji husimamia ardhi ya kijiji na huweza kutunga sheria ndogo. Inaweza kuamua nyumba zijengwe wapi, sakafu iinuliwe kiasi gani na mfereji upi usizibwe. Kwa Maparoni tatizo ni kwamba mamlaka hayo huishia penye mikoko, kwa kuwa mikoko ni hifadhi ya misitu ya serikali, na katika delta mashamba ya mpunga na mikoko hupakana, pengine huingiliana. Mkataba wowote wa bima ungehitaji sahihi ya mamlaka mbili, si moja.

Mafuriko yepi ni hasara?

Hapa ndipo penye ugumu mkubwa zaidi. Katika bonde la Rufiji mafuriko ya wastani ni mtaji. Maji yakishuka huacha tope na unyevu, na mkulima hupanda mahindi na kunde bila kungoja mvua. Kilimo hicho huitwa mlao. Katika delta maji matamu ya mto husukuma chumvi kuelekea baharini na kusafisha majaruba ya mpunga. Mwaka ambao mto haukujaa, bahari huingia, na mpunga hukauka huku maji yakiwa yameuzunguka. Mkulima wa Maparoni basi ana hasara za aina mbili: maji kuzidi na maji kupungua. Bima inayolipa kwa sababu tu maji yamepanda ingemlipa pengine katika mwaka wake mzuri, na kumwacha katika mwaka wa njaa. Kinachohitaji kupimwa ni kina cha maji, tarehe ya kufika kwake, siku yalizokaa na chumvi iliyomo. Kipimo kimoja kilichowekwa juu mtoni hakiwezi kueleza hayo yote, kwa kuwa hakijui bahari ilikuwa katika bamvua au maji mafu.

Tena hesabu za zamani haziwezi kutumika zilivyo. Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa tarehe 22 Desemba 2022, limebadili mto. Bwawa lenye nafasi huyameza mafuriko madogo na ya wastani, yaani yale yaliyokuwa na faida, na huzuia tope. Likiwa limejaa nalo hulazimika kupitisha maji yanayoingia. Na mvua inayonyesha chini ya bwawa hailipitii kamwe. Mwezi wa Aprili 2024 maji yalifunika mashamba na makazi mengi ya Rufiji na Kibiti. Wananchi wengi waliuliza kama maji yalifunguliwa bwawani. Maelezo rasmi yalikuwa kwamba mvua zilikuwa kubwa mno na kwamba bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Tarehe 4 Mei kimbunga Hidaya kikafika Mafia, ng'ambo tu ya delta. Mgogoro wa namna hiyo ungemfikia mkadiriaji yeyote wa bima siku ya kwanza, naye angeutatua kwa njia moja tu: kulinganisha saa na kiasi cha maji yaliyopita bwawani na saa ambayo maji yalipanda kijijini. Nusu ya kwanza ya kumbukumbu hizo iko kwa waendeshaji wa bwawa. Nusu ya pili haiwezi kuandikwa na mtu mwingine ila kamati ya kijiji yenyewe, kwa nguzo iliyopigwa alama za sentimita, daftari, na mtu wa kuisoma asubuhi na jioni, bamvua na maji mafu. Nguzo hiyo isimikwe katika ardhi ngumu na usawa wake upimwe na mpima ardhi kutoka alama ya kudumu. Isiwe alama iliyokatwa juu ya mkoko, kwa maana mkoko nao husogezwa na maji.