ADABU ZA KUPASHANA HABARI ZA MAGAZETI

Wanachama wa Chama cha Kiswahili tuna desturi nzuri ya kukata vipande vya magazeti na kuvibandika ubaoni ili tuvijadili. Wakati wa likizo nako habari hupita kwenye simu. Hata hivyo, habari ya kweli ikigawanywa ovyo huweza kumpaka mtu matope au kuitia shule nzima hofu, na kumbe hakuna aliyekusudia kudanganya. Ndiyo maana nimeona tujikumbushe adabu zifuatazo.

Kwanza, taja gazeti na tarehe. Vichwa vya habari vya Kiswahili hupenda wakati wa -a-: "Shule zafungwa", "Walimu wagoma". Umbo hili ni fupi, linatosha katika nafasi ndogo, ila halisemi ni leo au ni miaka kumi iliyopita. Mnamo Septemba 2015 serikali iliagiza shule zifungwe kwa sababu ya mgomo wa walimu, watahiniwa tu wakabaki. Machi 2020 zikafungwa tena, safari hii kwa sababu ya korona. Kichwa "Shule zafungwa" kingefaa mara zote mbili. Haya, kibandike ubaoni leo bila tarehe, uone kama watu hawatafunga masanduku kabla ya kengele ya chai!

Pili, chunga maneno madogo. Habari za mahakamani hujaa "mshukiwa", "anadaiwa" na "inasemekana". Wengi huyaona kama mapambo tu. La hasha! Hebu tuifuate sentensi moja:

Gazetini: "Mwanamume anayeshukiwa kuiba ng'ombe amefikishwa mahakamani."
Bwenini: "Mwizi wa ng'ombe amefikishwa mahakamani."
Bwaloni: "Yule mwizi ashafungwa."

Katika hatua ya kwanza, "anayeshukiwa kuiba" kumegeuka kuwa "mwizi". Katika ya pili, kufikishwa kumekuwa kufungwa. Hakimu hajasema neno, sisi tushamaliza kesi! Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mshtakiwa haki ya kuchukuliwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe kuwa anayo. Na huenda mtoto wa mwanamume huyo anakula nasi meza moja.

Tatu, tofautisha habari na maoni. Habari hueleza lililotokea. Tahariri ni msimamo wa gazeti lenyewe. Makala ya maoni ni fikira za aliyeyaandika. Ukileta kipande chamani, tuambie ni cha aina gani. Ukiwa na maoni yako, yaandike chini kando, utie jina lako, yasije yakachukuliwa kuwa ya gazeti.

Nne, heshimu jasho la mwandishi. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1993, hauyapi matukio ya siku ulinzi wa hakimiliki. Kwamba mto umefurika si mali ya mtu. Lakini namna mwandishi alivyolisimulia furiko hilo ni kazi yake. Kwa hivyo usinakili ukurasa mzima ukatia jina lako. Fanya ufupisho kwa maneno yako, kama tufanyavyo katika Karatasi ya Pili, nukuu sentensi moja au mbili ndani ya alama za mtajo, kisha umtaje mwandishi.

Tano, kosa likigunduliwa, lisahihishe palepale ulipolieneza. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa mtu haki ya kusahihishiwa habari zisizo za kweli zinazomhusu. Kung'oa kipande ubaoni kimyakimya hakutoshi, kwani waliokisoma washaondoka nacho kichwani.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mimi nawaomba wenzangu tusiifanye methali hii kuwa ushahidi. Anayegawa habari na aigawe pamoja na mipaka yake: nani kasema, lini, na kwa uhakika gani.

ZOEZI
1. Simulia habari hii kwa maneno yako bila kumhukumu mtu: "Mhasibu anayedaiwa kufuja karo akana mashtaka."
2. Kata vipande vitatu vya gazeti: habari, tahariri na maoni. Eleza umevitambuaje.

Majibu tuyajadili chamani. Kwaherini!