Fundisho kwa Wakatekumeni: Kuogopa si Kukana

Wako wakatekumeni wanaofadhaika moyoni na kusema: «Mtu mwoga kama mimi hafai kubatizwa.» Wamesikia habari za mashahidi wa dini, nao wanadhani watu wale walizaliwa na mioyo ya mawe. Sivyo hata kidogo. Hofu ni jambo la mwili, kama njaa na usingizi; Mungu aliitia ndani ya mtu ili amkimbie nyoka na kuepa moto. Hofu peke yake si dhambi. Dhambi huanza pale mtu anapoiketisha hofu katika kiti cha mfalme, ikaamuru naye akatii, akaliacha jambo ambalo Mungu anamdai.

Yezu Kristu mwenyewe alionja hofu. Usiku ule katika shamba la Getsemani alihuzunika sana, jasho lake likadondoka chini kama matone ya damu, akamwomba Baba amwondolee kikombe kile kama ikiwezekana. Wala hakuwaficha Petro, Yakobo na Yoane fadhaa yake. Lakini alipokwisha kusali aliinuka, akaenda mwenyewe kuwakuta waliokuja kumkamata. Petro naye aliogopa usiku uleule. Ila saa ya kusali yeye alikuwa amelala, na baadaye akaota moto pamoja na watumishi wa kuhani mkuu. Kijakazi mmoja asiye na silaha akamwangusha kwa neno tu.

Nchi ya Kongo inao mfano wake, nao si wa zamani sana. Mwenye Heri Anuarite Nengapeta alizaliwa katika mwaka 1939 upande wa Wamba. Aliingia katika Masista wa Jamaa Takatifu huko Bafwabaka, akaweka nadhiri zake tarehe 5 Agosti 1959, akawa mwalimu wa watoto. Mwisho wa Novemba 1964, wakati wa vita vya waasi walioitwa Simba, askari walifika Bafwabaka, wakawapakia masista wote katika motokari, wakawapeleka mpaka Isiro. Huko mkubwa mmoja wa askari alitaka kumfanya Anuarite mke wake.

Je, Sista huyu hakuogopa? Aliogopa sana. Jioni ile wenzake walipokula, yeye hakuweza kula. Alimwomba Mama Mkubwa na masista wamwombee. Ni vema mkatekumeni akumbuke habari hiyo, kwa maana wengine hupenda kusimulia mashahidi kama watu wanaocheka mbele ya kisu. Anuarite hakucheka. Alisema kwamba hawezi kuvunja nadhiri yake. Akatishwa, akasema vilevile. Akapigwa, akasema vilevile. Mama Kasima, mkubwa wa masista, alisimama kumtetea, naye akapigwa. Usiku huo, kuingia tarehe 1 Desemba 1964, Kanali Olombe alimpiga kwa kitako cha bunduki, askari wakamchoma kwa visu vya bunduki, kisha akapigwa risasi. Kabla ya kufa alimwambia muuaji wake kwamba amemsamehe. Baba Mtakatifu Yoane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985, na siku hiyo akamsamehe muuaji yule kwa jina la Eklezya yote.

Watu watauliza: Basi Mkristu hana ruhusa kukimbia? Anayo. Bwana mwenyewe aliwaambia mitume kwamba wakiteswa katika mji mmoja wakimbilie mwingine. Kutafuta kifo kwa majivuno si ushuhuda. Kelele za mlevi nazo hufanana na ushujaa. Isidori Bakanja, kijana wa Ekwateri aliyebatizwa tarehe 6 Mei 1906, alikatazwa na mzungu mkubwa wake wa kazi asivae skapulari wala asiwafundishe wenzake sala. Hakuivua. Akapigwa fimbo nyingi mpaka mgongo ukawa donda. Hata hivyo alijificha msituni, akamngojea mkaguzi wa kazi ili apate msaada. Kujificha kule hakukumwondolea heri yake. Alikufa tarehe 15 Agosti 1909 kwa vidonda vile, akiwa amemsamehe aliyempiga. Alificha mwili wake. Imani yake hakuificha.

Lakini katika kijiji ni wachache watakaokutana na bunduki kwa ajili ya imani. Hofu ya kijiji ina sura nyingine, na mara nyingi huja na uso wa ndugu. Mtoto ana homa usiku. Mjomba anakuja na hirizi, anasema mtoto asipovikwa atakufa, na lawama itakuwa juu ya mama yake. Mama ni mkatekumeni. Mikono yake inatetemeka, na si ajabu. Afanye nini?

Asiwatukane wazee, maana kumheshimu mjomba ni amri njema. Afanye ishara ya msalaba, aseme maneno machache: «Mjomba, ninyi ni wazee wangu, ninawashukuru kwa kumpenda mtoto. Kukipambazuka nitampeleka hospitali. Hirizi siwezi kumvika.» Wakianza mabishano, asiyafuate mpaka usiku wa manane, amtume mtu kumwita katekista, au jirani Mkristu, ili asibaki peke yake. Masista wa Bafwabaka nao walisimama pamoja. Wala asimwekee Mungu masharti, akisema: «Nimekataa hirizi, basi lazima mtoto apone.» Imani si biashara ya sokoni. Mama huyo anamkabidhi mtoto kwa Baba aliyemuumba, kisha anatafuta dawa kwa bidii.

Na kama ameshindwa, hirizi ikafungwa shingoni mwa mtoto kwa sababu nguvu zilimwishia? Wengi wakifika hapo huona haya, wakaacha mafundisho miezi mingi, na haya hiyo ikawadhuru kuliko anguko lenyewe. Petro alikana mara tatu. Akatoka, akalia kwa uchungu. Lakini alirudi kwa wenzake, na Bwana akamkabidhi kondoo zake. Mama huyo aifungue hirizi, amweleze katekista jambo lote bila kupunguza neno, na Jumapili aje akae mahali pake pamoja na wakatekumeni wengine.